Ufagio wa Sikukuu na Kiota cha Ndege

Kila Ramadhani inapoingia kumi la mwisho, miji yetu ya pwani huanza kujipamba kuingoja Idi. Kuta hupakwa chokaa au rangi, mapazia hufuliwa, pembe za dari hufagiliwa, na mikeka mipya hutandikwa. Usafi ni jambo jema na hakuna Mwislamu atakayeukataza. Lakini ufagio ule ule unaoondoa utando wa buibui huangusha pia kiota cha shomoro, na aghalabu anayeushika hatazami kama ndani yake mna mayai au makinda. Baadaye mtoto huokota barazani vijiyai viwili vilivyopasuka, mwenye nyumba akapitisha maji na kitambaa, na habari ikaisha.

Safu hii leo yataka habari hiyo isiishe hivyo. Tunajua wako watakaotucheka. Watasema watu wana njaa, vijana hawana kazi, bei ya unga haishikiki, nanyi mwatuletea maneno ya ndege! Hao twawajibu kuwa tunaloliomba haligharimu hata senti moja. Twaomba subira ya mwezi mmoja tu. Kiota kitupu kiondoe utakapo, ni nyasi tu hizo. Lakini kiota chenye mayai au makinda ni amana, na aliyekabidhiwa ni wewe mwenye nyumba, hata kama hukuombwa ridhaa yako.

WAMETUKIMBILIA SISI

Yafaa kwanza tujiulize: ndege mwenye mbawa za kumpeleka atakako, kwa nini ajenge juu ya mlango wa binadamu? Jawabu ni kuwa amepima hatari mbili akachagua iliyo ndogo. Kule porini kuna nyoka, kuna kicheche, kuna mwewe na kipanga. Hapa petu kuna watu, moshi wa jiko na kelele za watoto, na maadui wake wengi huogopa kusogea. Ametufanya sisi kuwa ngome yake. Ametudhania wema, na kudhaniwa wema ni deni.

Watazame hao majirani mmoja mmoja. Shomoro ana asili ya ng'ambo, lakini amezoea maisha ya watu hata ni shida kumwona mahali pasipo na nyumba. Hujaza majani, nyuzi na manyoya katika tundu la ukuta au chini ya paa, akataga humo. Tetere hujenga ovyo: vijiti vichache vilivyolazwa juu ya tawi la mkomamanga au juu ya taa ya baraza, hata ukiwa chini waweza kuyaona mayai yake mawili kupitia vijiti vyenyewe. Upepo mmoja wa kusi waweza kumaliza kazi yote.

Mnana, yule wa manjano anayeng'ara kama dhahabu juu ya minazi yetu, ni fundi wa kusuka. Dume huchana majani membamba akayapitisha na kuyafunga kwa mdomo wake mpaka kiota kikaning'inia kama kikapu. Kisha jike huja kukagua. Asiporidhika, jengo hilo huachwa na fundi huanza upya. Ni kweli kwamba mnana huuchana mnazi, na mwenye shamba ana haki ya kunung'unika. Hata hivyo, mtu akikitazama kiota hicho kwa utulivu hujua kwamba aliyemfundisha ufundi huo ni Yule aliyemfundisha nyuki kujenga mizinga.

Tena yuko mmoja ambaye wengi hawamjui ingawa hukaa juu ya vichwa vyao. Ni ndege mwembamba wa jamii inayofanana na mbayuwayu, mwenye mbawa kama mundu, anayeishi kwenye minazi na mivumo. Huyu hajengi kiota cha kukalia. Hukusanya manyoya machache akayabandika kwa mate yake chini ya kuti linaloning'inia, kisha mayai yake nayo huyagandisha hapo hapo kwa mate. Mzazi huatamia akiwa amesimama wima, kaling'ang'ania kuti kwa kucha. Kinda akitoka hushika hapo kwa kucha zake mpaka siku ya kuruka. Kusi ikivuma, kuti likayumba huku na huku, na uhai wa nyumba nzima huwa umeshikwa na mate na kucha. Mkwezi anapolikata kuti hilo kavu ili kusafisha mnazi, hajui ameangusha nini.

Huo ndio udhaifu tunaouzungumzia. Ndege mkubwa ana nguvu ya mbawa, lakini yai halina mbawa, na kinda hana pa kukimbilia. Yai likiachwa kwenye jua kali la saa saba bila ya mama kulifunika, kilichomo hufa. Mama akifukuzwa kiotani mara kwa mara huweza kukiacha kabisa. Baba au mama akiuawa kwa manati, wote waliobaki kiotani huwa hatarini. Jiwe moja la mtoto laweza kuua ndege watatu au wanne, naye akajiona amepiga mmoja.

Lakini udhaifu huu una mpaka wake, na hapo ndipo penye hoja yetu. Tetere huatamia kiasi cha wiki mbili, na makinda yake hukaa kiotani kiasi cha wiki mbili nyingine, kisha huruka. Shomoro ni karibu hivyo hivyo. Basi tangu yai kutagwa mpaka kiota kubaki kitupu ni kama mwezi mmoja. Wale wenye mbawa kama mundu, wa minazini na wale jamaa zao wanaobandika viota chini ya mapaa na madaraja, huhitaji muda mrefu zaidi, karibu miezi miwili. Nani kati yetu asiyeweza kuchelewesha ndoo ya rangi kwa muda huo, au akapaka ukuta mzima akaacha pembe moja?

DINI IMESEMAJE

Msomaji aliyekaa chini ya mwalimu chuoni hahitaji kufundishwa na gazeti, lakini kukumbushana ni faida. Katika Sura ya Al-An'am, aya ya 38, Mwenyezi Mungu ametufahamisha kuwa viumbe watembeao ardhini na ndege warukao kwa mbawa zao ni umma mfano wetu. Neno umma ni zito. Umma una mpango wake, una uzazi wake, na una Mola wake anayejua hesabu yake.

Abdallah bin Mas'ud, Mungu amwie radhi, amesimulia kisa kilichomo katika mkusanyo wa Abu Daud. Walikuwa safarini na Mtume (S.A.W.), wakamwona ndege mdogo mwenye makinda mawili, wakayachukua. Mama akaja akawa anapigapiga mbawa juu yao. Mtume alipoona akauliza ni nani aliyemtia uchungu ndege huyo kwa watoto wake, na akaamrisha warudishiwe. Wenye akili na wazingatie: msafara ulikuwa njiani, wenye haja zake na haraka zake, na amri ikatoka kwa ajili ya makinda mawili.

Tena tusidhani kuwa dini imeharimisha kila aina ya kufuga. Masahihi mawili, Bukhari na Muslim, yametaja habari ya mtoto Abu Umair na ndege wake mdogo, na jinsi Mtume alivyokuwa akimtania juu ya ndege huyo. Wanavyuoni wametoa katika Hadithi hiyo ruhusa ya mtoto kumweka ndege, kwa sharti la kumlisha, kumnywesha na kutomuadhibu. Kinachokatazwa ni mateso, na kumtoa kinda kiotani hajaota manyoya ili afe katika boksi la viatu ni mateso.

Tukitaka mfano wa watawala, waandishi wa tarehe husimulia juu ya Amr bin al-As alipoiteka Misri. Alipokuwa akivunja kambi kuelekea Iskandaria, aliambiwa kuwa njiwa ametaga juu ya hema lake. Akaamuru hema liachwe lilivyo. Mahali hapo, mnamo mwaka 641, ukaasisiwa mji ulioitwa Fustat, neno ambalo masimulizi hayo hulirejesha kwenye hema lile. Miaka zaidi ya elfu moja baadaye, waashi wa Istanbul walichonga katika kuta za misikiti nyumba ndogo za mawe kwa ajili ya ndege, zenye madirisha na mapaa kama makasri. Msikiti wa Ayazma uliopo Üsküdar, uliojengwa karne ya 18, unazo mpaka leo. Na aliyekwenda Hija ameona mwenyewe njiwa wa Makka wanavyotembea kati ya miguu ya watu bila hofu, kwa kuwa kuwawinda katika eneo la Haram ni marufuku.

Hapa twajua mtu atauliza juu ya najisi. Msikitini au barazani pa kusalia, kinyesi cha ndege je? Swali hili ni la haki, na wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi walilijibu zamani. Wamesema kinyesi cha ndege msikitini husamehewa kinapoenea ikawa vigumu kukiepuka, maadamu mtu hakikanyagi kwa kusudi na hapana umajimaji hapo. Kwa hiyo kusafisha ni wajibu wetu, lakini kuua makinda kwa hoja ya najisi ni kujibebesha uzito ambao fiqhi yenyewe imetuondolea. Kibao kidogo kikipigiliwa shubiri mbili tatu chini ya kiota hupokea uchafu wote, na siku makinda yakiruka kibao na kiota vyote huondolewa.

Na bundi je? Maskini bundi! Akitua juu ya paa jioni, nyumba nzima huingiwa na baridi. Mmoja aleta chumvi, mwingine mawe, mwingine amtaja mgonjwa wa jirani. Ilhali Mtume (S.A.W.) amekanusha itikadi hiyo kwa kumtaja bundi hasa, pamoja na mikosi mingine waliyokuwa wakiiamini Waarabu wa zama za ujahili. Bundi anayeishi darini au katika gofu hali roho za watu, hula panya. Anayemfukuza kwa mawe amefukuza mlinzi wa ghala yake bila mshahara, kisha kesho yake huenda dukani kununua sumu ya panya. Panya aliyekula sumu hutambaa kizunguzungu nje, bundi akamdaka, na sumu ile ile ikamfikia yeye na makinda yake.

KUNGURU NA MATAKA YETU

Wako wasomaji watakaotuambia: mwatulaumu bure, adui wa viota ni kunguru. Ni kweli, na hatumtetei. Kunguru huyu mwenye shingo ya kijivu, tumwitaye wa Kihindi, hakuwa wa kwetu. Aliletwa Unguja katika muongo wa 1890 ili asaidie kula takataka za mji, na Mombasa alionekana mwaka 1947. Tangu hapo ameenea pwani yote. Hula mayai, hupokonya makinda mbele ya mama zao, na huwavamia kwa makundi hata ndege walio wakubwa kuliko yeye. Katika mitaa mingi ya kisiwa cha Mombasa sauti inayotawala alfajiri baada ya adhana ni yake.

Mwezi wa Juni 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja kabla ya mwaka huo kwisha, katika Mombasa na miji mingine ya pwani. Kwa upande wa dini hapana tatizo katika kupambana naye, kwani kunguru ni mmoja wa wale watano walioruhusiwa kuuawa hata katika Haram. Lakini tujikumbushe yaliyotokea kwa jirani zetu. Unguja walimpiga vita mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa mitego na sumu, akapungua sana. Kampeni ilipokoma akarudi, kwa kuwa meza yake ilikuwa bado imetandikwa.

Ni nani anayeitandika meza hiyo? Matumbo ya samaki yaliyomwagwa ufuoni, wali wa karamu uliotupwa uchochoroni, jaa la mtaa lisilozolewa wiki nzima, pipa lisilo na kifuniko. Wahenga walisema kunguru hafugiki. Sisi tumemfuga kwa mataka yetu. Anayetupa uchafu ovyo jioni ndiye anayempa kunguru nguvu ya kupokonya makinda ya tetere asubuhi. Serikali ya kaunti ina jukumu la kuzoa, na mwenye nyumba ana jukumu la kufunika.

Zaidi ya kunguru kuna ujenzi wetu wa siku hizi. Nyumba za zamani za mawe na boriti, na zile za makuti, zilikuwa na matundu, pembe na vivuli ambavyo mafundi hawakuviziba vyote. Ghorofa za leo ni simiti laini na vioo. Miti ya uani, mkomamanga, mkungu, mstafeli na mpera, imekatwa ili kuweka gari au kuongeza chumba cha kupangisha. Hatusemi watu warudi kwenye makuti. Mji hukua na watu wana haja ya pa kulala. Twasema tu kuwa kadiri nafasi za ndege zinavyopungua, ndivyo kile kiota kimoja kilichobaki kinavyozidi thamani. Zamani akibomolewa hapa alikuwa na pahala pengine. Sasa huenda hana.

LA KUFANYA

Tusimalize kwa malalamiko. Mambo haya yamo katika uwezo wa kila nyumba.

Kabla ya kufagia dari au kupaka rangi, tazama. Panda ngazi, au funga kioo kidogo kwenye ufito ukitazame kiota kwa juu. Kikiwa na mayai au makinda, kiache mwezi mmoja, na usikichungulie kila siku. Ukiona mjenzi ameanza tu kuleta majani mahali ambapo hutaki kabisa, mzuie siku hiyo ya kwanza kwa upole, kabla hajataga. Kumzuia mgeni mlangoni ni kheri kuliko kumtoa usiku na watoto wake.

Kiota kikianguka kwa upepo na makinda yakiwa hai, kiweke katika kipakacha kidogo ukifunge karibu na pale kilipokuwa. Mara nyingi wazazi watarudi. Yale maneno kwamba kinda akiguswa na mkono wa mtu mama yake humkataa hayana msingi. Ama ukimkuta chini kinda aliyekwisha kuota manyoya, anarukaruka, muondoe njiani mbali na paka umwache kichakani. Huyo yumo katika kujifunza, na wazazi wake wako karibu wanamlisha.

Wenye minazi, mwambieni mkwezi aangalie kuti kabla ya kulikata, na akiona manyoya yamebandikwa upande wa chini aliache mpaka zamu nyingine. Wenye maduka, msiuze sumu ya panya kama mnavyouza njugu. Akina mama na akina baba wenye karamu, mataka yafukiwe au yafunikwe.

Na masheikh na maalimu wa vyuo, kwenu twaja na ombi maalumu. Mtoto wa miaka saba ndiye mwenye manati, na ndiye pia anayehifadhi Suratul-Fil akaisoma kwa sauti nzuri. Anajua kuwa Mola aliwatuma ndege wadogo wakalishinda jeshi la ndovu. Mwelezeni, pamoja na hayo, Hadithi ya makinda mawili yaliyorudishwa kwa mama yao. Mtoto akiisikia mapema huenda asiisahau. Anayejifunza kumhurumia asiyeweza kumlipa wala kumshitaki, huyo kesho akipewa mali ya yatima au funguo za ofisi ataogopa kudhulumu.

Kwa kuwa ukurasa huu ni wa utamaduni, na watu wa pwani huhifadhi zaidi lililotungwa, twawaachia beti mbili za kubandika penye ndoo ya chokaa:

Fagio liwapo juu, mwenye nyumba tazamiya,
Kiota si cha makuu, ni nyasi na nyuzi piya,
Mamaye hana nafuu, makinda yakiumiya,
Mwezi mmoja ngojeya, waruke waende zao.

Hajatuomba chakula, wala kodi kutudai,
Katafuta pa kulala, asinyang'anywe uhai,
Kaumbwa naye na Mola, kama wewe mwenye rai,
Mwezi mmoja ngojeya, waruke waende zao.